Umri wa Dorca

Barua ilimfikia saa nne asubuhi, na Dorca akaenda kuisoma gizani.

Hakuwa na wazimu. Katika hospitali nzima palikuwa na mlango mmoja tu ambao hata daktari mkuu hakuthubutu kuufungua bila kubisha, nao ulikuwa mlango wa chumba cha kusafishia picha za eksirei. Mwanga ukipenya humo, filamu huharibika, na mgonjwa hulazimika kurudi kulala juu ya meza ile ya baridi. Ndani palikuwa na beseni tatu za dawa yenye harufu ya siki, kamba ya kuanikia picha, na taa moja nyekundu iliyofifia. Dorca alikuwa mhudumu wa chumba hicho kwa miaka sita. Alijua kila kitu kilipo kwa kupapasa, na mtu mwenye habari njema au mbaya mfukoni hupenda kuwa mahali asipoweza kushtukiwa.

Akatia komeo, akachana bahasha kwa ukucha, akaisogeza karatasi chini ya taa.

Ilitoka chuoni Nairobi, kwa Kiingereza, imepigwa taipu. Ilisema kwamba maombi yake ya kusomea upigaji picha za eksirei yamepokelewa, halafu ikaorodhesha sifa zinazotakiwa, na mbele ya kila sifa karani alikuwa ametia alama ya vema kwa kalamu nyeusi. Cheti cha kidato cha nne, vema. Kiingereza, vema. Hesabu, vema. Fizikia, vema. Hapo Dorca alisimama kidogo. Shule yake ya wasichana ilifundisha kushona, kupika na usafi wa nyumba. Fizikia ilikuwa habari ya wavulana wa ng'ambo ya barabara. Aliifuata ukubwani, jioni baada ya kazi, miaka miwili mizima, mwanamke peke yake katikati ya makarani wa reli waliomuuliza kama amekosea darasa. Sasa ile alama ndogo nyeusi ilikuwa pale, mbele ya neno lenyewe, na Dorca aliipitishia kidole kama mtu anayefuta vumbi.

Barua ya mkuu wa kazi, vema. Picha ya kifua kuthibitisha afya, vema. Umri usiopungua miaka kumi na minane wala kuzidi ishirini na mitano ifikapo Januari mosi, 1972. Hapo hapakuwa na kitu. Karani amepitiwa, alijiambia, akaikunja barua na kucheka peke yake, kicheko cha chini ambacho beseni zile hazikuwahi kukisikia.

Alitoka nje akiwa bado na kicheko hicho mdomoni, akaiweka barua mbele ya Bwana Khaemba.

Khaemba ndiye aliyekuwa mpiga picha, mtu wa Bungoma, mwenye mvi za heshima na miguu iliyochoka. Alibakiza miaka michache astaafu, na hakuficha kwamba angependa kumwachia mashine mtu aliyemfunza mwenyewe. Meza yake ilikuwa kando ya dirisha lililotazama ziwa, na mwanga wa asubuhi uliingia mwingi. Aliisoma barua polepole, midomo ikicheza. Kisha akavua miwani.

"Dorca, ulisomea hii wapi?"

"Ndani."

"Ndani kwa giza?"

Dorca aliinama kuitazama karatasi, na kicheko kikamtoka usoni. Kwenye mwanga wa jua, mbele ya neno umri, palikuwa na duara kubwa la wino mwekundu, na chini yake maneno ya mkono, mekundu vilevile: Mwombaji amezaliwa 1944. Amezidi umri. Athibitishe vinginevyo kabla ya Novemba 30, la sivyo maombi yafungwe.

Kosa kama hilo lingemfaa mgeni. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, ndiye aliyewaonya wauguzi wasiandike majina ya wagonjwa kwa penseli nyekundu, kwa sababu chini ya taa ile nyekundu wino mwekundu haupo. Karatasi hubaki nyeupe pepepe. Kwa dakika tano kamili Dorca alikuwa mwanafunzi wa chuo. Hakuwahi kuwa na dakika tano tamu namna hiyo, na alizikumbuka kwa uchungu hadi jioni.

"Wewe uko na miaka ngapi?" Khaemba aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Hawa wanasema ishirini na saba."

"Huyo ni Dorca."

Khaemba aliirudisha miwani puani ili amtazame vizuri. "Na wewe ni nani?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, na huenda ndiyo sababu alilijibu. Alivuta kiti cha wagonjwa, akaketi, akamweleza.

Walizaliwa wawili nyumbani kwao karibu na Katito. Dorca, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Anyango kwa kuwa alizaliwa jua likipanda, alikuwa wa 1944. Rosa, jina la nyumbani Akoth kwa kuwa alikuja na mvua, alikuwa wa 1947. Mwisho wa mwaka wa 1952 shule ya misheni ilikubali kuandikisha wasichana wachache. Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho siku hizo? Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, amekua, asipolifikia, arudi nyumbani akale uji mwaka mmoja zaidi. Dorca alilishika sikio bila taabu, akaandikwa. Siku chache kabla ya Krismasi homa ikamshika, na hakuiona Krismasi yenyewe.

Baba yao, Amolo, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu asiyeweza kutupa hata msumari uliopinda. Nafasi ya shule imeshaandikwa, alisema, ikiachwa itachukuliwa na mtu mwingine. Januari ilipofika alimvisha Rosa gauni la marehemu, akatia kadi ya ubatizo ya marehemu mfukoni, akampeleka. Siku ya kufungua shule watoto walipimwa tena. Vidole vya Rosa viliishia juu ya sikio, vikabaki vinapapasa nywele. Baba akamwinamisha kichwa kidogo kwa kiganja, akijifanya anamfuta vumbi. Mwalimu aliwatazama wote wawili, akatazama dirishani, kisha akatia alama kwenye daftari. Kutoka siku hiyo msichana aliitwa Dorca, na sisi pia tutamwita hivyo, maana hata mshahara alilipwa kwa jina hilo.

Khaemba alisikiliza mpaka mwisho. "Basi si ngumu," alisema. "Uwaandikie kwamba wewe ni Rosa."

"Rosa hana cheti, Bwana Khaemba. Rosa hajakaa darasani hata siku moja."

Mzee yule alihesabu kwa vidole. Akiwa Dorca, binti huyu alikuwa na cheti lakini amezidi umri. Akiwa Rosa, alikuwa na umri lakini hajui hata kusoma. Chuo kilihitaji mtu mmoja mwenye vyote viwili, na mtu huyo alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha wagonjwa, mzima wa afya, na picha ya kifua ya kuthibitisha hivyo.

"Kuna njia," Khaemba alisema hatimaye. "Nimeiona kwa watu wa reli. Mzazi anaenda kwa hakimu, anaapa. Mtoto fulani alizaliwa mwaka fulani, akakufa mwaka fulani, na huyu mwingine ndiye alisoma kwa jina lake. Unaongeza na barua ya kanisa. Wanaweza kukubali. Wanaweza pia kukataa, wakasema cheti ni cha maiti, hata kazi hii ukapoteza. Sikudanganyi. Mzazi yuko?"

"Mama yuko."

"Basi ni yeye aseme tu. Dakika tano."

Dorca akainuka, akarudisha kiti mahali pake. Dakika hizo tano mama yake alikuwa anazikwepa mwaka wa kumi na tisa huu.

*

Jumamosi alipanda basi la kwanza. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na uwanda wa Kano ulimeremeta maji pande zote mbili za barabara. Pale Ahero wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba ya mpunga, sketi zimefungwa juu ya magoti. Njia nzima Dorca alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga aliyaona ni ya mtu mwingine, ya karani labda.

Kitu alichokitaka hakikuwa mshahara wala cheo. Kwa miaka sita aliwajua watu wa Kisumu kwa mifupa yao. Mvuvi aliyevunjika paja, mtoto aliyemeza kifungo, mama mwenye kifua kikuu: wote walimjia wakiwa vivuli vyeupe ndani ya beseni, naye akawasafisha, akawaanika, akawapeleka kwa wengine. Sheria haikumruhusu mhudumu kugusa mashine. Nyuma ya ukuta alimsikia Khaemba akisema, "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua," na alitamani kuwa yeye anayesema maneno hayo huku akimtazama mtu usoni. Alitaka kutoka gizani, basi. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo kwa sababu lilisikika dogo.

Mama yake, Beldina, alikuwa uani amezungukwa na vyungu. Nyakach nzima ilijua vyungu vyake. Akivipeleka sokoni Katito havirudi. Alikuwa anakisugua kimoja kwa kijiwe laini, na hakuinuka mpaka alipomaliza upande aliokuwa anausugua.

"Anyango," alisema. "Umekonda. Huko hospitalini wanakula nini?"

Walisalimiana, wakala, wakazungumza habari za mvua na za jirani aliyeuza ng'ombe. Dorca alingoja mpaka mama aliporudi kwenye vyungu vyake, kwani Beldina aliweza kusikiliza vizuri pale tu mikono yake ilipokuwa na kazi. Kisha akamweleza yote, chuo, umri, duara jekundu, kiapo. Kijiwe hakikusimama hata mara moja.

"Waambie padri alikosea mwaka," mama alisema.

"Kadi inasema Dorca alibatizwa Pasaka ya 1945. Nikisema nilizaliwa 1947, nitakuwa nilibatizwa kabla ya kuzaliwa, Mama."

"Padri yule macho yake yalikuwa mabovu. Kila mtu alijua."

"Mama."

"Nasema tu." Kijiwe kiliendelea, shwaa, shwaa. "Na usipokwenda huko Nairobi? Kazi unayo. Nikipita sokoni watu wanasema, huyo ni mama yake Dorca wa hospitali. Unataka nini kingine?"

"Nataka kwenda, Mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii."

Beldina alikigeuza chungu, akatafuta kasoro upande wa pili, hakuiona.

"Siku wanamzika sikuwepo," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza habari za ng'ombe. "Nilikuwa hapahapa, lakini sikuwepo. Wanawake wamenilalia mikono na miguu, nisiende kaburini. Sikuuona udongo ukimwagwa. Halafu Januari ikaja, baba yako akakuvika gauni lake, mkaondoka. Nikasimama pale mlangoni nikawatazama mnavyokwenda. Kwa nyuma mlikuwa mtu mmoja, wewe na yeye. Gauni lilikuwa refu tu kidogo. Nikasema moyoni, kumbe anakwenda shule. Ulipopita darasa la kwanza, nikahesabu amepita. Ulipofika sekondari, nikahesabu amefika. Mimi nina mtoto anaitwa Dorca, yuko Kisumu, anafanya kazi. Sasa unataka niingie kwa hakimu niseme amekufa."

"Alikufa, Mama."

"Najua alikufa."

"Na mimi?" Dorca alishangaa kuisikia sauti yake ikipanda. "Nilipopita darasa la kwanza mimi nilikuwa wapi? Nilipofika sekondari nani alinihesabia mimi?"

Kijiwe kikasimama. Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyeulizwa habari za chombo kilichokuwa mikononi mwake siku zote.

"Wewe ulikuwepo, nyathina, mwanangu," alisema. "Sikuwa na haja ya kukuita."

Mvua ilianza kudondoka, wakaingiza vyungu ndani.

Asubuhi ya Jumapili Dorca aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akatoka. Upande wa kushoto wa nyumba, hatua kumi hivi kutoka ukutani, palikuwa na tuta dogo lililozama kiasi cha kutoonekana, nyasi zimelifunika. Hakuna aliyewahi kumwonyesha; alilijua tu kwa jinsi mama alivyopita mbali akitoka kuteka maji. Hakuwa amepiga magoti pale hata siku moja. Ungepigaje magoti kwenye kaburi lenye jina lako? Alikuwa na wivu na mtoto huyo, sasa aliuona wivu wenyewe ulivyokuwa mkubwa na wa zamani. Na chini ya wivu, jambo ambalo hakulitarajia, alikuwa anamkumbuka. Alikumbuka mkono uliomshika akienda kisimani. Alikumbuka mtu aliyemcheka kwa kuwa alijaribu kushika sikio akashindwa, halafu akamwambia, ngoja, mwakani utafika.

Akanyanyua mkono wa kulia. Ukapita juu ya kichwa bila taabu yoyote, vidole vikalishika sikio la kushoto. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, mwanamke mzima na mkono kichwani, umande ukimlowesha viatu.

Alipogeuka, mama yake alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Aliingia ndani akamfungia unga wa mtama kwenye kitambaa, wakaenda kanisani, na mchana Dorca akapanda basi la kurudi. Habari ya kiapo haikutajwa tena.

*

Siku zilikwenda. Dorca alisafisha picha, akazianika. Khaemba hakumuuliza, ila kila asubuhi alitazama kalenda ukutani kisha akamtazama yeye, jambo lililokuwa baya kuliko kuuliza. Tarehe ishirini ikapita. Alianza kujizoeza kutotaka, kama mtu anavyojizoeza kunywa chai bila sukari, na jioni nyingine alidhani amefaulu.

Jumatano ya tarehe ishirini na nne alitoka chumba cha giza, fremu ya filamu mkononi, akifumba macho kwa ukali wa mwanga. Kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mzee aliyefungwa bandeji mguuni na mwanamke aliyekohoa, alikuwa ameketi Beldina. Alivaa gauni la kanisani. Mapajani alishika bahasha kwa mikono miwili, kama wanavyoshika watu wasiosoma, kwa uangalifu uliopita kiasi.

"Padri ameandika," alisema. "Nilikwenda mwenyewe. Vitabu vya zamani viko, amewaona wote wawili." Kisha akainuka. "Twende kabla sijarudi nyuma."

Karani wa hakimu aliitwa Zadock, kijana mwenye tai na mafua. Aliingiza karatasi kwenye taipureta, akauliza maswali bila kuinua uso. Jina la mama. Jina la baba. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka gani.

"Na hiyo mtoto ilikufa lini, Mama?"

Dorca alifungua mdomo ajibu kwa niaba yake. Beldina akamgusa mkono, akamnyamazisha.

"Desemba, tarehe ishirini. Mwaka wa hamsini na mbili. Siku ya Jumamosi. Jua likipanda, saa nne, ile saa alizaliwa."

"Saa haitakikani, Mama. Ni tarehe tu."

"Andika saa."

Zadock alikusudia kubisha. Aliinua uso, akamwona, na vidole vyake vikarudi kwenye taipureta. Aliandika saa.

Hakimu aliwaita ndani karibu na adhuhuri. Beldina alishika Biblia, akaambiwa aseme kwa kinywa chake yaliyomo kwenye karatasi, kwa lugha anayoijua. Ofisi ilinuka karatasi kuukuu na mvua. Dorca aliutazama mgongo wa mama yake, akauona jinsi ulivyokuwa mwembamba chini ya gauni lile la kanisani, na hapo, angepewa nafasi, angemwambia aache, warudi nyumbani, chuo kipotelee mbali. Alitaka jambo hilo kwa moyo wote, na moyo huohuo ulikuwa unaomba mama aseme.

"Nyara Dorca otho," Beldina alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Zadock akajikohoza, akamtafsiria hakimu: "Anasema binti yake Dorca alikufa." Yaliyobaki yalipita upesi. Kidole gumba kilibonyezwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi, mara mbili, na mama akaangalia huku na huku pa kukifutia, mwishowe akakifunga ndani ya ngumi yake.

Waliporudi hospitalini Khaemba aliisoma karatasi yote, hata mahali pa saa, akaikunja taratibu. Alisema picha ya kifua iliyopelekwa kwanza ilikuwa na herufi za Dorca, kwa hiyo watume nyingine. Kila filamu hapo ilitiwa alama kwa herufi ndogo za madini ya risasi zilizobandikwa pembeni ili zitokee pamoja na mifupa. Alifungua kopo lake, akaitoa D, akapekua mpaka akapata R. A ya Akoth ilikuwa ileile ya Anyango, hakuibadilisha.

Dorca akasimama mbele ya mashine, kidevu juu, mabega mbele, upande ule ambao hakuwa ameuzoea.

"Vuta pumzi," Khaemba alisema nyuma ya kioo. "Shikilia."

Akashikilia.

"Haya, pumua."

Mama aliomba kuiona. Ilipokauka Khaemba aliiinua dirishani, ziwa likiwa nyuma yake, na Beldina akasogea karibu sana, akazihesabu mbavu kwa macho.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona kama amenyamaza?"

"Nilikuwa nimezuia pumzi, Mama. Ndivyo wanavyotaka."

Mama alikisogeza kidole chenye wino mpaka karibu na kile kivuli cha moyo, hakukigusa. "Na herufi hii?"

"Hiyo ni R."

Beldina akaitikia kwa kichwa. Aliitazama R ile kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama moyo.

Posta walifunga bahasha kubwa, wakaibandika stempu, ikaenda. Haikujulikana kama chuo kingekubali. Huenda Nairobi kulikuwa na kalamu nyingine nyekundu ikiwangoja, na Khaemba alishasema wazi kwamba cheti kingeweza kuzua maswali mabaya. Dorca alilijua hilo alipotoka Posta, na bado alijiona mwepesi, na wepesi huo ulimtia hofu kidogo.

Kituo cha mabasi kilijaa watu wa jioni, magunia na kuku. Alitangulia mbele kutafuta basi la Katito, mama akifuata nyuma na kikapu chake. Aliuliza kondakta mmoja, akaelekezwa kwa mwingine. Nyuma yake mtu aliita.

"Rosa."

Mwanamke aliyeuza ndizi aligeuka, kisha akarudi kwenye ndizi zake. Dorca aliendelea kusoma majina ya miji yaliyochorwa juu ya vioo vya mabasi.

"Rosa."

Basi lenyewe lilikuwa la tatu kutoka mwisho, injini tayari inanguruma. Akaongeza hatua asije akakosa kumpatia mama kiti cha dirishani.

Mara ya tatu aliitambua sauti. Akasimama katikati ya watu, akageuka, akatazama kulia na kushoto amwone huyo Rosa ambaye mama yake alikuwa akimwita.